Mwalimu Tryphena Aaga Ukumbi wa Mihadhara

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Tryphena Mwandawiro anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Voi kwa miaka ishirini na sita. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ndiye aliyesimamia mihadhara ya umma, ile ya kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi kuhusu siasa, mazingira na fikra.

Alizaliwa Wusi, akasomea ualimu, akaajiriwa hapa kufundisha historia. Mihadhara alikabidhiwa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Siku hizo ilitolewa kwa Kiingereza, na waliohudhuria ni wanafunzi waliolazimishwa. Wenyeji wa mjini walipita nje ya lango bila kujua ndani kuna nini.

Wageni waliowahi kuzungumza hapa watamkumbuka kwa glasi ya maji. Hakumkatiza msemaji hata siku moja. Alimpelekea maji kwa mwendo wa polepole, na mwenye kuelewa alielewa kwamba muda umekwisha. Profesa mmoja aliyapokea, akayanywa, akashukuru, akaendelea. Akaletewa jagi.

Mwaka mmoja wa uchaguzi, mgombea aliingia na wafuasi wake katikati ya mhadhara wa ugatuzi, akitaka kuwasalimia watu. Mwalimu alimkaribisha kiti, akamweleza kwamba salamu zitatolewa wakati wa maswali, kwa foleni. Mgombea akapanga foleni, nyuma ya fundi wa viatu. Baadaye alishinda kiti alichogombea, ingawa Mwalimu hadai kuhusika.

Lakini mhadhara unaozungumzwa zaidi ni ule wa ndovu. Mtafiti Dkt. Hillary Ndulu alikuwa amealikwa kueleza njia wanazopita ndovu kutoka mbugani hadi mashambani. Siku chache kabla ya hapo, ndovu alimuua Bwana Muasya, mkulima wa upande wa Sagalla aliyekuwa akilinda mahindi yake. Watu walikasirika, wakafunga barabara. Mkuu wa chuo wa wakati huo alitaka mhadhara ufutwe, na kusema kweli wengi wetu tuliona ana haki.

Mwalimu aliomba kwanza aende matangani. Alishinda huko kutwa nzima na mjane, Bi. Kathini. Alimweleza kwamba akitaka mhadhara usiwepo, hautakuwepo. Kathini alifikiri, kisha akamjibu, "Usifute. Nitakuja mwenyewe."

Mwalimu aliporudi alimwambia mkuu kwamba likitokea la kutokea, lawama ataibeba yeye na kazi ataiacha. Mkuu akakubali shingo upande.

Alhamisi ilipofika ukumbi ulijaa hadi madirishani. Dkt. Ndulu alianza kwa Kiingereza, ramani zikiwa ukutani. Minong'ono ikageuka kelele, na huko nyuma kiti kikarushwa. Mwalimu alipanda jukwaani, akazima projekta, akamwomba mgeni aketi, akampa Kathini kipaza sauti. Kelele zikatulia.

"Ndovu akila mahindi yangu, ni wa serikali," alisema Kathini. "Akiuawa, ni wa serikali. Mume wangu aliyeuawa na ndovu, yeye alikuwa wa nani?"

Dkt. Ndulu aliinuka, akamgeukia. "Mama," akasema kwa Kiswahili, "Niruhusu nikusikilize."

Akamsikiliza, kisha akawasikiliza wakulima waliosimama mmoja baada ya mwingine, hadi jua likazama. Watu walitoka bila fujo, wengine wakilia. Mwezi uliofuata Dkt. Ndulu alihamishia utafiti wake kwenye vijiji vile, akashirikiana na wakulima kupanga zamu za kulinda mashamba. Zamu hizo zipo mpaka leo. Hazikumrudisha Bwana Muasya, na Mwalimu hakumruhusu mtu yeyote auite mkutano ule ushindi.

Tangu wakati huo mihadhara yetu ni ya Kiswahili. Wauza mboga wanakuja, madereva wa malori wanakuja, mashekhe na wachungaji wanakaa safu moja wakipingana kuhusu maji ya mto. Bi. Kathini yumo katika kamati inayochagua mada, na si mtu wa kuridhika upesi.

Kazi sasa inachukuliwa na Bwana Harith Abdulghani wa idara ya mazingira. Alipomuuliza Mwalimu aanzie wapi, alitarajia maelezo marefu. Alijibiwa, "Usimwalike mtu anayeogopa kuulizwa." Basi.

Mwalimu anarudi Wusi kwenye migomba yake na wajukuu. Amekataa sherehe ya hotuba, akisema hotuba amezisikia za kutosha, kwa hiyo nasi tutasema machache. Asante, Mwalimu, kwa kutufundisha kukaa na watu waliotukasirikia mpaka wamalize kusema. Nenda kwa amani, upumzike, na Mungu akupe siku nyingi zenye afya na furaha.