Sikurogwa, Nilikuwa Nimekaa Mno

Bwana asifiwe, wapendwa! Nimepanda ngazi za madhabahu bila kushikwa mkono, na kabla sijasema lolote naomba mmshangilie Mungu kwa hilo.

Mnanijua, mimi ndiye Mama Neema wa duka la vitenge hapa Mlowo. Tangu mume wangu afariki, kiti cha dukani ndicho kilikuwa maisha yangu. Asubuhi bodaboda inanishusha mlangoni, jioni inanirudisha. Hata kuja kanisani, karibu hivi, nilipanda bodaboda! Mkaniambia nimenawiri, nami nikafurahi. Nyumbani nilikula peke yangu, nikalala mapema ili nisiusikie ukimya.

Ndipo moyo ukaanza. Nikiinama kuokota kitambaa, unakwenda mbio. Nikipanda ngazi tatu, pumzi inakata. Ilikuwa wiki ile ile wifi yangu Rehema, dada wa marehemu, alipokuja na maharage kutoka Ihanda. Aliponiona naumwa, akabaki anisindikize kwenye maombi ya kufunguliwa. Ndugu zangu, mnakumbuka nilichofanya. Nilisimama hapa hapa nikamtaja kwa jina, kwamba ameniroga kwa maharage yale. Mkakemea pamoja nami. Rehema akachukua kanga yake, akatoka, hakukanyaga tena kwangu.

Na moyo haukupona. Nilifunga, nikakemea, nikazidi kukaa, mpaka siku moja nikaanguka dukani. Hospitalini, daktari mmoja mpole alinipima kwa mashine, akauliza kazi yangu. Nikamweleza, na habari za wifi nikamweleza.

"Mama, hujarogwa," akasema. "Umekaa mno. Moyo ni msuli, usipofanyishwa kazi unakakamaa."

Akanipa dawa za presha, akaniagiza nitembee: nianze polepole, niongeze, nisitegemee kupona kwa wiki mbili, maana hiyo ni kazi ya miaka. Nililia pale pale, na si kwa ajili ya ugonjwa. Nilimlilia Rehema.

Siku ya kwanza niliishia kwenye mashine ya kukoboa kahawa, nikakaa chini. Watu wakasema duka limekufa, Mama Neema kakosa hata nauli ya bodaboda. Wacha waseme! Vumbi, mvua, siku nne kwa wiki, na siku moja kati ya hizo mwendo wa kasi hadi jasho. Sina wa kuniuliza nimefika wapi. Huu ni mwaka wa tatu. Mwezi uliopita daktari kapima tena, akasema moyo umelainika, unajaa damu vizuri na kuisukuma kwa nguvu. Haleluya! Bwana amenifungua taratibu, kwa miguu yangu mwenyewe.

Jumamosi iliyopita, moyo ukiwa sasa unakiweza kilima cha kwao, nilikwenda Ihanda. Nilishukia barabara kuu, nikapanda kilima kwa miguu hadi kwa Rehema. Alikuwa anaanika kahawa. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Aliendelea kuanika.

"Ulinitaja mbele za watu, wifi," akasema. Akageukia tena kahawa yake. Nikateremka peke yangu.

Ndiyo maana nimesimama leo. Rehema hakuniroga. Nilimsingizia. Mliokemea pamoja nami, inukeni tuseme hivyo kwa sauti ile ile. Na wewe ambaye moyo unakusumbua, mtumaini Mungu, kapimwe, uinuke kwenye kiti. Namshukuru Bwana kwa moyo huu alionirudishia. Jumamosi ijayo nakipanda tena kilima cha Ihanda, na nguvu ninazo.

Ila sitaki kwenda peke yangu. Nani atakwenda nami?