Tende ya Mtu wa Kisimani

Tramu ya Aleksandria haina haraka, na jioni za Ramadhani huzidi kujikokota, kwa hiyo Hajati Inshirah alipata wasaa wa kuchungulia riwaya aliyokuwa akiisoma kijana aliyeketi ubavuni mwake. Mimi nilikuwa nyuma yao, na njaa ilikuwa imenizibua masikio.

"Usifunue kwanza, mwanangu. Huyu aliyetumbukia kisimani, ameshakunywa maji yake?"

"Wapi, Hajati! Ana chupa nzima, eti amefunga, anangoja magharibi. Msafiri, tena yu hoi, dini yenyewe imemruhusu anywe. Na kule chini hata jua halioni! Mwandishi ametuletea mjinga."

"Mjinga wewe. Angekuwa analiona, tungesemaje kwamba anangoja kwa imani?"

"Imani haimtoi mtu kisimani. Ila hafi, usihofu. Tazama, zimebaki kurasa mia mbili."

"Ehee! Na yeye anajua kwamba zimebaki?"

Kijana akazipima tena kwa kidole kurasa zilizobaki.

Mara adhana ikalia. Tramu ikasimama, na watu wa kituoni wakaanza kutupitishia tende madirishani, kama ilivyo ada. Kijana akafuturu kwa moja, kisha akataka kufunua ukurasa. Hajati akamshika mkono, akaweka tende nyingine juu ya maandishi.

"Mwambie kumeadhiniwa."