Mzani Wenye Wivu

Kuna uongo niliousema nikiwa na miaka tisa, na sijawahi kumwambia mtu. Bila huo siwezi kumweleza muuguzi anayestaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne katika zahanati hii. Sote tunamwita Bibi Mzani.

Chumba chake cha kupimia kina mzani, pazia la kijani na viti viwili: chake na cha mgonjwa. Cha tatu alikitoa mwenyewe zamani. Mume akimfuata mkewe mpaka mlangoni, Bibi Mzani humzuia kwa tabasamu: "Shemeji, mzani wangu una wivu. Wakiingia wawili, unadanganya." Mashemeji hucheka na kubaki kwenye benchi la mbali. Ndani, kila mwanamke huulizwa kwa sauti ya chini: "Nyumbani uko salama, mama?" Asiyetaka kujibu hupimwa tu. Anayejibu husikilizwa hadi mwisho, na maneno yake huandikwa kama alivyoyasema, katika faili lisilotoka kabatini. Aendapo nyumbani hubeba tarehe ya kupimwa tena, basi.

Wauguzi wanasema yeye mwenyewe hajawahi kuonekana juu ya mzani ule.

Siku baba alipotuleta, mkono wa mama ulikuwa umevimba. Baba akatoka uani kupokea simu. Mimi nikanyata hadi kwenye pazia. Lilikuwa likijaa upepo na kunywea, kana kwamba chumba kizima kimelala na kinapumua, na sauti ya mama ilitoka humo kama ya mtu anayesimulia ndoto.

Njiani baba aliniuliza, "Walikuwa wanaongea nini mle?"

Nilikuwa nimesikia kila neno.

"Kilo hamsini na mbili," nikasema. "Hawakusema kingine."

Mama alirudi kupimwa Alhamisi nne. Hakuambiwa aondoke, hakuambiwa avumilie. Ya tano alisema yuko tayari. Bibi Mzani akampigia simu mama mdogo, akatupitisha mlango wa nyuma. Leo mama anafanya kazi hapa, dirisha la kadi.

Bibi, asante. Pumzika vyema, na nyumbani kwako viti vijae watu.

Nilipomaliza kuandika, nilimsomea mama. "Kumbe ulisikia," akasema. "Basi usifute kitu." Nikaikunja karatasi, nikaipeleka kwa muuguzi mkuu, anayekusanya salamu za kumuaga Bibi.