Viti Thelathini na Kimoja vya Adelina Kokugonza

Wasikilizaji wapendwa, ni saa tisa alasiri, Jumapili, tarehe nane Februari, mwaka wa themanini na saba. Nje theluji imefika kwenye madirisha. Humu ndani, kwenye studio yetu ambayo wengi mnajua ni chumba cha chini cha jengo, jirani na baiskeli za watu, niko mimi Method peke yangu. Nusu saa yetu ya leo ni ya mtu mmoja. Hakuna muziki wa kuchagua. Hakuna kadi za salamu. Mlioniletea kadi mnisamehe, ninazo, zitasomwa siku nyingine.

Mmezoea kwamba dakika hii huwa nasema, "Na sasa matangazo ya maktaba." Na wengine wenu, msinidanganye, ndipo mnapoinuka kwenda kuangalia sufuria jikoni. Nawajua. Hata mimi, kama ningekuwa upande wenu wa redio, ningeinuka.

Matangazo yale yaliandikwa na Adelina Kokugonza. Kila wiki, kwa mkono wake, kwenye karatasi ya mistari, aliyatumbukiza kwenye tundu la barua la mlango wangu, mtaa wa Alby. Adelina Kokugonza amefariki. Alifariki Jumatano, tarehe kumi na nne Januari, hospitalini, kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: dada yetu Adelina, Mama Getrude, wa Saa ya Kiswahili ya maktaba, hatunaye tena.

Adelina alizaliwa upande wa Bukoba. Alikuja Uswidi mwaka wa sitini na tisa, kwa njia ya kanisa, kujifunza uuguzi. Alikuja na sanduku moja na viatu vya wazi. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia hivyo viatu. Alishuka navyo uwanja wa ndege wa Arlanda mwezi wa Novemba, mtu wa kanisa akavitazama, akavua soksi zake mwenyewe akampa. "Soksi za mwanamume nisiyemjua," alikuwa akisema, "nikazivaa palepale mbele ya watu, sina aibu." Baadaye alifanya kazi katika nyumba ya wazee. Aliwaosha, aliwalisha, na wazee wa Kiswidi waliokuwa hawataki kuguswa na mtu yeyote walimkubali yeye.

Mumewe ni Mzee Nuwa, dereva wa basi. Wengi mmepanda basi lake hapo Fittja. Nuwa ni Mganda, alikimbia kwao mwaka wa sabini na mbili. Walikutana katika darasa la Kiswidi, na lugha pekee waliyoweza kuelewana vizuri ilikuwa Kiswahili, ingawa Nuwa alikuwa hakipendi. Nilimuuliza wiki iliyopita kwa nini. Alinijibu hivi: "Kwetu, Method, Kiswahili ilikuwa ya wanajeshi. Ukisikia Kiswahili barabarani, unashika kitambulisho, unaanza kuomba Mungu. Mama Getrude ndiye alinionyesha ati iko Kiswahili ya kubembeleza mtoto."

Mtoto huyo ni Getrude, sasa ana miaka kumi na miwili. Na yeye ndiye chanzo cha Saa ya Kiswahili. Mwaka wa themanini na tatu, bibi yake alisubiri posta ya Bukoba tangu asubuhi mpaka akapata laini ya simu. Adelina akampa Getrude simu amsalimie. Bibi akasema, "Hujambo, mjukuu wangu? Unakula vizuri?" Getrude akasikiliza, akamrudishia mama yake simu, akamwambia kwa Kiswidi kwamba haelewi huyo mtu anataka nini. Bibi aliyasikia yote. Adelina aliniambia kwamba usiku ule hakulia. Alikasirika.

Kesho yake alikwenda maktaba ya Granbacka. Ni maktaba ndogo, basi moja tu kutoka Alby, ghorofa ya chini, karibu na duka la dawa. Pale alimkuta mkutubi anaitwa Gunvor. Adelina alimwambia anataka chumba, Jumamosi, saa tano asubuhi, kwa ajili ya watoto wanaojibu wazazi wao kwa Kiswidi. Gunvor akampa. Ndivyo ilivyoanza Saa ya Kiswahili, Oktoba themanini na tatu, na watoto kumi na mmoja. Adelina alisimama mbele, akasema kwa sauti, "Paukwa!" Watoto wakamtazama tu. Akawafundisha kuitika "Pakawa!" mpaka watu waliokuwa wanasoma magazeti wakahama meza.

Mwaka wa kwanza walikuja watoto kumi, kumi na wawili. Mwaka wa pili sita. Mwaka wa tatu watatu, wanne, na mmoja wao ni Getrude, ambaye alikuja kwa kuburutwa. Sababu zilikuwepo, na nzuri zote. Kuna mpira. Kuna kazi za wikendi. Kuna harusi Uppsala. Kuna kusinzia.

Sasa naomba tuambizane ukweli, maana ndio ulionileta hapa leo. Mswidi ukimwalika na hawezi kuja, anakwambia hapana, basi, mnaachana. Sisi hatusemi hapana. Sisi tunasema, "Nitajitahidi." Tunasema hivyo kwa heshima. Anayesema anajua haendi, na anayeambiwa anajua huyu haji, na hakuna aliyeumia. Tumelelewa hivyo. Lakini Adelina alikuwa na kasoro moja kubwa: alituamini. Kila aliyemwambia "nitajitahidi," alimwekea kiti. Jumamosi alifika maktaba nusu saa kabla, akavitoa viti stoo, akavipanga. Gunvor akamwambia viti kumi vinatosha. Adelina akajibu, "Mtu aliyeniahidi akikosa kiti, nitamwambia nini?" Na saa sita mchana alivirudisha stoo, kimoja kimoja, peke yake.

Novemba iliyopita maktaba ilimwandikia barua. Barua ilisema: mwezi mzima wa Januari tutahesabu wanaohudhuria. Wasipofika wanane kwa wastani kila Jumamosi, chumba kitapewa kikundi kingine. Wanane, wasikilizaji. Mimi peke yangu nina watoto wawili. Tukihesabiana hapa Alby na Fittja tu, tungejaza chumba kile mara kumi.

Basi akaanza kutupigia simu. Alimpigia kila mtu. Tarehe tatu Januari walikuja wanne. Ijumaa tarehe tisa alikuja kwangu mwenyewe, hakutumbukiza karatasi, alibonyeza kengele. Alikuwa anakohoa kifua kizima. Getrude alikuwa amelala nyumbani kwao na homa, na nadhani mama naye ilikuwa imekwisha kumshika. Alinipa ratiba ya Februari na Machi yote, mapema, akaniambia, "Mdogo wangu, kesho niletee wale wawili wako."

Nikasema, "Nitajitahidi, dada."

Akasema, "Basi naongeza viwili. Thelathini na kimoja." Akafurahi, jamani. Alishuka ngazi anahesabu.

Mnakumbuka Jumamosi ile ya tarehe kumi. Mimi niliamka saa nne, nikatazama kipimajoto nje ya dirisha la jikoni, nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri. Nikajisemea, leo hata yeye mwenyewe hatakwenda. Nikarudi kitandani na kahawa yangu.

Alikwenda. Gunvor alinisimulia. Adelina alifika na shuka mbili za kitenge juu ya koti, amejifunga kichwa kizima. Akapanga viti thelathini na kimoja. Saa tano ikafika, hakuna mtu. Saa tano na robo, hakuna mtu. Gunvor alimwomba arudi nyumbani, akakataa, akasema watu wetu huchelewa. Saa tano na nusu akasimama mbele ya viti, akasema, "Paukwa!" Gunvor alikuwa kwenye dawati lake, na kwa miaka mitatu alikuwa amelisikia neno lile kila Jumamosi. Akaitika kutoka kule, "Pakawa!" Adelina akacheka, kisha akakohoa mpaka akakaa chini. Siku ile Gunvor ndiye aliyemsaidia kurudisha viti. Jumatatu gari la wagonjwa lilimchukua. Jumatano alifariki.

Kwa msiba, sisi hatuna mpinzani. Kamati iliundwa jioni moja, simu zikapigwa Upplands Väsby, Uppsala, mpaka Göteborg. Tulimzika Ijumaa, tarehe thelathini. Jumamosi, tarehe thelathini na moja, tulikodi chumba cha kukaa pamoja, na chumba kilichokuwa wazi kilikuwa kile kile, cha maktaba, saa tano asubuhi. Walikuja watu mia moja thelathini na watano. Viatu vya theluji vilijaa korido. Pilau ilikuja kwa masufuria yaliyofungwa blanketi. Viti vyote vya stoo vilitoka, arobaini, havikutosha, tukaazima vya kanisani. Mimi nilibeba sita, na nilijiona nafanya kazi ya maana.

Mlangoni alikuwa amesimama Getrude. Aliniuliza kwa Kiswidi, taratibu kabisa, "Kwa nini mmekuja leo?"

Nikamwambia, "Tumekuja kwa ajili ya mama yako, mwanangu."

Akasema, "Mama alikuwa hapa kila Jumamosi."

Nilikuwa na viti mikononi. Nikapita ndani.

Siku hiyo wengi walisimama wakasema Saa ya Kiswahili haiwezi kufa. Walisema vizuri, wengine kwa machozi. Tukakubaliana twende wote Jumamosi inayofuata, yaani jana, tukaiombe maktaba ituachie chumba. Niliandika majina, yalikuwa sitini na mawili. Jumanne nilitangulia kwa Gunvor na habari njema. Nikamwambia, dada, Januari tumefika mia moja thelathini na watano, wastani umepanda. Gunvor alinifungulia daftari la mahudhurio. Tarehe tatu, wanne. Tarehe kumi, hakuna. Tarehe kumi na saba, hakuna. Tarehe ishirini na nne, hakuna. Tarehe thelathini na moja: chumba kimekodishwa. "Ule ulikuwa msiba, Method," aliniambia. "Watu wa msiba hawaingii humu." Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akaniuliza kitu kingine, na alikuwa anataka kujua kweli: "Wale watu wote wanaishi wapi?" Nikamjibu kwamba wanaishi hapa hapa.

Jana nilikwenda. Safari hii niliwachukua wale wawili wangu. Tuliwakuta Opio, yule fundi umeme, na Wamuyu na mtoto wake mgongoni. Alikuwepo pia Mzee Nuwa, amevaa sare za kazi. Watu wazima wanne. Chumba kilikuwa kimekwisha kupewa kikundi cha ushonaji, cherehani zinalia ndani. Tukasimama koridoni. Nuwa akasema, "Tungoje kidogo, pengine wanakuja." Tukangoja. Saa sita akatazama saa, akasema zamu yake inaanza, akatushukuru mmoja mmoja kwa mkono. Alitushukuru! Nilitamani sakafu inimeze.

Wasikilizaji wapendwa, nina hapa ile ratiba ya Februari na Machi. Hakuna hata jambo moja litakalofanyika. Naisoma kwa sababu aliniachia niisome.

"Jumamosi, tarehe kumi na nne Februari, saa tano asubuhi, yaani saa kumi na moja ya Waswidi, msije jioni. Vitendawili. Kila mtoto aje na kimoja.

"Jumamosi, tarehe ishirini na moja Februari. Leteni barua za bibi na babu. Tutasaidiana kuzisoma na kuzijibu.

"Alhamisi, tarehe tano Machi, saa kumi na mbili jioni, kwa wakubwa. Namna ya kujaza fomu za manispaa. Msione haya.

"Jumamosi, tarehe ishirini na nane Machi, kufunga msimu. Chai na mandazi. Mzee Nuwa atasimulia hadithi kwa Kiswahili, mara yake ya kwanza. Amefanya mazoezi tangu Krismasi. Tafadhali jazeni chumba."

Kwa Mzee Nuwa, kwa Getrude, na kwa mama mzazi wa Adelina kule Bukoba, ambaye alipewa habari kwa simu ile ile ya posta, tunasema poleni. Mungu ampumzishe dada yetu. Sina la kuwafariji zaidi ya hapo, na sitaki kulibuni. Sisi wengine tukae kimya kidogo leo tukiwa na familia zetu, tukumbuke nani alituomba kitu kidogo wiki hii, na tulimjibu nini. Kama huendi, mwambie huendi. Atapanga viti vichache.

Na kuna jambo la mwisho. Kila karatasi ya Adelina ilikuwa na mstari mmoja chini kabisa ambao hamjawahi kuusikia. Niliuruka kila Jumapili, miaka mitatu, kwa kuwa niliona haukuandikwa kwa wasikilizaji. Upo kwenye hii pia. Unasema: "Method, usome polepole. Na wewe uje."

Mimi ni Method. Nimesoma polepole. Ukiondoa ile ya msiba, jana ndiyo ilikuwa Jumamosi yangu ya kwanza kwenda.