Neno Alilolibeba Shangazi Kitana

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo ni shangazi yetu, msusi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitana, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya nyuma ya soko, akiwa kitinda mimba na binti pekee wa wazazi wake.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1982, akajifunza ususi kwa mama yake mkubwa, na mwaka 1987 akafungua saluni yake, chumba kimoja chenye benchi na kioo kilichopasuka pembeni, ambako wenye haraka walinuniwa na wenye njaa walimiminiwa chai.

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1992, hakujaliwa mtoto, mumewe akaondoka, naye akatulea sisi watoto wa kaka yake, bila kumsema mume yule vibaya hata siku moja.

Mwaka 2013 alikutwa na saratani ya mji wa mimba, akaungana na wanawake wenzake kukishtaki kiwanda cha dawa ya kulainisha nywele, ile ya kopo la kifuniko cha kijani, aliyojipaka na kuwapaka wateja tangu ujana. Kiwanda kikataka kuwalipa fidia ili shauri limalizwe nje ya mahakama, kwa sharti kwamba wote watie sahihi hati, na wasiitaje tena dawa ile kwa ubaya. Shangazi alikataa, akiuliza atamwambia nini mteja atakayekuja na kopo mkononi, lakini mwenzake mmoja, fundi cherehani, alikuwa akisubiri malipo hayo ili afanyiwe upasuaji, basi tarehe 20 Mei 2016 Shangazi naye akatia sahihi.

Tangu hapo, kopo lile likiletwa, alilisogeza kando bila neno, akamwosha mteja kwa sabuni ya kawaida, akamsuka bure. Watu wakasema, "Kitana siku hizi anaringa, eti dawa zetu hazitaki," wakahamia kwingine, benchi likabaki tupu, naye akawa anasuka nywele za mwanasesere wa mjukuu wake, mtoto wa mmoja wetu, mlango ukiwa wazi, asije mtu akakuta umefungwa.

Saratani ilirudi mwaka jana, akafariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi aliyemfunga kitambaa kichwani kila asubuhi bila kuombwa, na jirani aliyeacha ndoo ya maji mlangoni akajifanya amekosea nyumba, na wasusi wenzake, na fundi cherehani, aliyekuja kukaa kwenye benchi lile siku nzima, hana hata nywele za kusukwa.

Wakili ametueleza kwamba hati ile ilimfunga yeye, haikutufunga sisi, kwa hiyo mwenye kopo la kifuniko cha kijani nyumbani kwake, tunamsihi asilitumie, wala asimpake mwanawe.

Shangazi, mzigo umetuliwa, tumeupokea. Pumzika kwa amani.