Historia ya Mzee Siki na Filamu ya Ufukweni

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wa mke wa marehemu, yaani shemeji yake, na familia imenipa kazi hii ya kusoma historia yake kwa sababu watoto wake walijaribu kuisoma jana wakashindwa, na kwa sababu marehemu alizoea kusema kuwa shemeji asiye na aibu kama mimi hawezi kukosa sauti msibani, jambo ambalo sasa naona alinisingizia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1943, mtoto wa pekee wa mama aliyekuwa mfua nguo wa hospitali na baba aliyekuwa mfunga vidonda wa zahanati, mtu wa mkono wa kushoto, ambaye alichukuliwa jeshini kuwa mhudumu wa majeruhi kabla mwanawe hajaota jino, akaenda na kikosi kilichoshuka kwa mashua kupigana kwenye ufukwe mmoja wa mbali mwaka uliofuata, na baada ya hapo serikali ikaleta taarifa kwamba hajulikani alipo, wala mzima wala maiti, na mama yake akakataa katakata kuvaa nguo za msiba kwa ajili ya mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa.

Alisoma shule ya msingi ya nyuma ya stesheni, akamaliza sekondari mwaka 1961, akajifunza ufundi wa picha, na tarehe 1 Juni 1964 akaajiriwa katika ghala la filamu za kumbukumbu, chini kabisa ya jengo, kwenye vyumba visivyo na dirisha, ambako kazi yake ilikuwa kusafisha mikanda ya zamani kwa pamba, picha moja baada ya nyingine, na kuunga iliyokatika. Mkanda unaooza hutoa harufu ya siki, naye alirudi nayo nyumbani kwenye nywele na mashati, mtaa mzima ukamwita Siki, na hata alipokuja kwetu kuchumbia, mama yetu alininong'oneza akiuliza kama huyu kijana anafanya kazi jikoni. Alifunga ndoa na dada yangu tarehe 12 Desemba 1970, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1971 mkanda wa ule ufukwe ulifika mezani kwake. Hauna sauti, na mimi nimeuona, kwa hiyo nisemacho si cha kuambiwa: askari wanaruka kutoka kwenye mashua maji yakiwafika kifuani, wengine wanaanguka bila kelele yoyote, mateka wanapita wameweka mikono kichwani, na mbele kabisa mhudumu mmoja amepiga magoti, ametugeuzia mgongo, anamfunga kichwa majeruhi aliyelala mchangani, na anafunga kwa mkono wa kushoto. Marehemu alimleta mama yake, mama akatazama mgongo ule, akasema, "Ndiye," na tangu hapo kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya vita, alivaa vizuri akaenda kule ghalani kukaa kiti cha mbele na kumsalimia, "Umeshindaje, bwana wangu?" na kila alipomaliza kusema, yule majeruhi mchangani aliinua mkono. Bila shaka mkanda ulikuwa ule ule, na mkono uliinuka hata chumba kikiwa kitupu, lakini mimi nilikwenda mara moja tu, na sikurudi tena.

Mwaka 1996, akimwandaa mama yake kwenda kumsalimia mumewe, marehemu alimfunga vifungo vya sweta, kwa kuwa vidole vya mama vilikuwa vimekakamaa, na walipofika na taa kuzimwa, aliona kwamba makoti ya wale askari, na ya wale mateka pia, yalikuwa yamefungwa upande ule ule wa sweta la mama, upande wa nguo za kike. Jeshi zima halivai makoti ya wake zao. Mtu aliyenakili mkanda ule zamani aliuweka kinyume, kila kitu kikawa kama kwenye kioo, kulia kukawa kushoto, na yule mhudumu waliyemsalimia miaka ishirini na mitano alikuwa mtu wa mkono wa kulia, mume wa mwanamke mwingine kabisa.

Dada yangu anasema mumewe alikonda, hakula vizuri, akijiuliza kama amwambie mama au amwache na furaha yake. Aliugeuza mkanda ukae sawa, akamtafuta mwenye mkono wa kushoto katika ufukwe mzima, akampata mmoja tu, yule aliyelala, mwenye mkoba wa dawa kifuani, ambaye kumbe hakuwa akipunga, alikuwa akiidaka ncha ya bandeji na kuichomeka mwenyewe, kama afanyavyo mtu anayeijua kazi. Uso wake wote umefungwa, umebaki mdomo.

Akamwambia mama. Mama alikasirika kwanza, akasema, "Yaani umeniacha namwamkia mwanamume wa watu miaka yote hii, na wangu amenilalia hapo hapo miguuni?" kisha akaomba mkanda uanzishwe upya, akainama karibu na pazia la sinema, akasema, "Pole, bwana wangu," akatazama hadi pale mateka wawili wanapomwinua yule mtu kwenye machela, wanatoka naye nje ya picha, na mkanda unaisha. Mama alifariki mwaka uliofuata, na nguo za msiba hakuzivaa.

Marehemu alistaafu mwaka 2003, akaanza kuugua mapafu mwaka 2017, akalazwa Januari mwaka huu wa 2021, na akafariki tarehe 4 Februari alfajiri, dada yangu akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na, kwa agizo lake nililoapa kulisoma kama lilivyo, ameacha baba mzazi. Najua mnatazamana. Nilimwambia, "Shemeji, huyo angekuwa na zaidi ya miaka mia," akanijibu kwamba yeye amemwona akibebwa, hajamwona akifa, na kwamba hatakuwa wa kwanza katika familia kumzika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, majirani waliolala nasi hapa, na wenzake wa ghalani, ambao harufu yao tumeitambua kabla hatujawaona, na leo imetufanya tulie sana.

Siki, shemeji yangu, pumzika kwa amani, na huko uendako, ukiuliza ukaambiwa baba yako hajafika, usihangaike kumtafuta, sisi huku mlango hatutaufunga.