Kitambaa cha Bafta cha Vitalis Benjamini, Dereva wa Teksi Kariakoo

Waombolezaji wapendwa, majirani wa Mtaa wa Sikukuu, na ninyi madereva mlioacha kazi leo Jumamosi yenye abiria wengi, familia inaomba masikio yenu kwa muda mfupi, ili kabla hatujamtoa nyumbani marehemu Vitalis Benjamini, tusikie pamoja alikotoka na alivyoishi nasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1912 huko Lukuledi, Masasi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Benjamini na Mama Candida, wakulima wa mtama na mihogo, akabatizwa misheni, na mwaka 1921 akaanza shule hapo hapo, akasoma hadi darasa la nne, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, alijifunza kusoma, kuhesabu, na kuchungulia injini ya gari la mapadri. Mwaka 1931 alipanda meli Lindi akaja Dar es Salaam, akafikia kwa mjomba wake hapa Kariakoo, na tangu hapo hakuondoka tena isipokuwa kwa vita.

Alianza kazi kama utingo wa lori la mfanyabiashara wa nazi, akapata leseni mwaka 1936, akachukuliwa jeshini mwaka 1940 kuendesha malori huko Uhabeshi, akarudi salama mwishoni mwa mwaka 1945, na tarehe 3 Februari 1947, kwa akiba yake ya jeshini, akanunua teksi yake, ile Morisi nyeusi ambayo wengi wenu mmeipanda, na wengine mmeisukuma. Mnaikumbuka stendi yetu ya pembeni ya soko siku zile, muuza kahawa akigonganisha vikombe, akina mama wakitoka sokoni na vikapu na kuku wao, na kila safari ikianza kwa kupatana bei dirishani, mteja akijifanya anaondoka, dereva akijifanya hamwoni, mpaka wote wawili wacheke. Zilikuwa siku nzuri, na tuseme ukweli, tunazililia pamoja naye.

Tarehe 23 Julai 1938 alifunga ndoa takatifu na Blandina, Mama Scholastika, katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, wakajaliwa watoto watatu, Scholastika, Severine na Theopista, ambao wote walipokelewa duniani na mkunga mmoja, marehemu Bibi Sabaha wa nyumba ya tatu kutoka hapa, na kila mara alipomwona Bibi huyo njiani, Vitalis alisimamisha gari na kumpa shikamoo kwanza, hata akiwa na abiria mwenye haraka.

Historia hii haitakamilika bila kutaja habari ya nauli, kwa kuwa ndiyo iliyomnyima usingizi. Mwaka 1955 Baraza la Mji lilitangaza kwamba litapanga nauli za teksi, na kwamba kila mwisho wa mwaka litazipitia upya baada ya kusikiliza wenye magari na wananchi, na madereva wa Kariakoo wakamtuma marehemu na rafiki yake Nassibu wakawasemee. Petroli ilikuwa imepanda, na baadhi ya madereva walivunja bei hadi wenzao wakalala njaa, kwa hiyo Vitalis alisimama mbele ya wajumbe akaomba kwa nguvu zote kwamba atakayebeba abiria chini ya nauli iliyopangwa atozwe faini. Wajumbe walikubali, madereva wakamnunulia soda, na sheria ikaanza tarehe 1 Januari 1956.

Lakini mtaa huu ulikuwa na desturi yake, kwamba panapotokea msiba, madereva huja bila kuitwa, wa dini hii na dini ile, huwafuata ndugu Magomeni, Ilala na Kivukoni, huwapeleka makaburini wazee wasioweza kutembea, na hawalipwi kitu ila kahawa ya matanga. Hakuna aliyeikumbuka desturi hiyo mbele ya Baraza, hata Vitalis mwenyewe. Machi mwaka huo Bibi Sabaha alifariki, Vitalis akawabeba wazee wa ukoo wa Bibi kwenda makaburini, na mkaguzi wa magari alipomsimamisha na kumuuliza ametoza kiasi gani, alijibu, “Sijatoza kitu, bwana, huu ni msiba,” naye mkaguzi akamwambia kwa upole kwamba sheria ameiomba yeye mwenyewe. Alilipa faini, akaonywa kwamba mara ya pili ataipoteza leseni.

Wiki chache baadaye, mvua ya masika ikinyesha, mtoto wa Mzee Uwesu, mchukuzi wa sokoni, alizikwa, na Mzee Uwesu mwenye mguu mbovu akapita mbele ya stendi kwa miguu, akifuata jeneza katika tope, huku teksi zimepangana tupu. Vitalis alifungua mlango wa gari lake, akasimama ameushika, akaufunga tena. Jioni hiyo hakula, akamwambia mkewe, “Mama Scholastika, nimewafungia watu mlango kwa mkono wangu,” na aliumia sana.

Mwishoni mwa mwaka huo alirudi barazani kuomba msiba utolewe katika sheria, akakataliwa, kwa sababu, walisema wajumbe, na walisema kweli, kila mvunja bei angedai anakwenda mazikoni. Alirudi tena Novemba 1957, safari hii ameshika kipande cha bafta nyeupe, akawaeleza kwamba wafiwa wenyewe watachana kipande kwenye bafta ile ile waliyomvisha maiti wao, wakifunge kwenye kioo cha gari kwa mikono yao, kisha akauliza, “Mabwana wakubwa, nani kati yetu atafunga kipande cha sanda kwenye gari lake kwa tamaa ya abiria?” Wajumbe walikubali, na tangu tarehe 1 Januari 1958 gari lenye kitambaa hicho halihesabiwi kuwa limekodiwa.

Agosti mwaka huu marehemu alianza kuugua figo, akalazwa mara mbili, na hata Nassibu alipokuwa akimkimbiza hospitali, mgonjwa wetu alikuwa akimlalamikia namna anavyokanyaga klachi. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 1958, mkewe na wanawe wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, mapadri waliomletea sakramenti, majirani mliopika na kukesha nasi, madereva wa stendi ya Kariakoo, na Mzee Uwesu, aliyefika kabla ya watu wote akakaa kwenye mkeka mpaka sasa.

Asubuhi ya leo Mama Scholastika alichana bafta ya mumewe, akatoka nje, akafunga kipande kwenye kioo cha kila gari lililopangwa mtaani, na kile cha kwanza akakifunga kwenye Morisi. Nassibu ataiendesha, na Mzee Uwesu atakaa mbele. Hakuna atakayelipa, na hakuna dereva atakayevunja sheria.

Baba Scholastika, milango iko wazi, nenda ukapumzike kwa amani.